Chuma cha Saa Nne

Tromsø, Norwei
5 Januari 2025

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini mmemaliza Krismasi salama na kwamba yule mbuzi aliliwa wote, ikabaki kengele. Mimi ni mzima, ila jua sijaliona tangu mwishoni mwa Novemba. Huku kaskazini msimu huu halichomozi kabisa. Wanasema litarudi baada ya siku kumi, nami nimeshaacha kuwaamini.

Hii ni Krismasi ya tatu sijapanda Kibosho. Najua Mchagga asiyerudi nyumbani Desemba husemwa hadi parokia ya jirani, kwa hiyo nisemeeni vizuri. Tasnifu naikabidhi tarehe 30 Mei. Nikishaitetea nakuja, na nitakula ndizi hadi mnifukuze.

Mama, mwaka jana uliniuliza ninasomea nini hasa, nikakujibu hovyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Nisamehe. Ngoja nijaribu tena, kwa mfongo wetu, ule mfereji unaotuletea maji kutoka mlimani.

Nyuma ya dunia, upande wa usiku, upepo wa jua umeivuta sumaku ya dunia ikawa mkia mrefu. Ndani ya mkia huo kuna umeme unaopita kukatiza, kama maji kwenye mfongo mkubwa. Siku nyingine mkia unavutwa mno, unakatika, na sehemu ya ile njia inaziba. Sasa maji ya mfongo yakizibwa yanafanyaje? Yanamwagikia kihamba cha jirani, migomba yake na nyumba yake. Umeme nao unateremka kwa kufuata mistari ya sumaku hadi hewa ya juu kabisa, kilomita mia moja juu ya vichwa vyetu huku kaskazini, unakwenda magharibi, kisha unapanda tena kurudi kwenye njia yake. Tunaiita dhoruba ndogo. Mimi natengeneza modeli ya kompyuta inayokadiria ni umeme kiasi gani uliteremka, na kwa njia ipi.

Tatizo ni kwamba kuna mkanda mwingine wa umeme unaoizunguka dunia yote juu ya ikweta, nao unachanganya hesabu. Lazima niupime peke yake na kuutoa. Ndiyo kazi ya ile mashine ya kupima sumaku niliyoifukia kwenye kihamba chetu. Baba, asante kwa kuilinda. Kila siku inanitumia mstari wake, na kila siku nikiufungua najisikia nimepita nyumbani.

Jambo moja. Barua yako ya Desemba haikuwa na mistari ya Mama chini. Miaka yote wewe unaandika ukurasa, yeye anaongeza mistari miwili ya kukusahihisha. Ya mwisho ilikuwa: "Usimsikilize, ndama ni jike, baba yako hakuangalia vizuri." Mama, mbona umeninyima?

Mwanenu,
Evaline

*

Kibosho
19 Januari 2025

Mdogo wangu Bernadetha,

Habari za Tarakea na za biashara? Barua hii nimempa dereva wa basi, maana hivi vitu sipendi kuvisema kwenye simu Theodora akisikia.

Wifi yako yuko vilevile. Tangu kiharusi kimpige tarehe 24 Novemba, upande wa kulia haujarudi, na maneno yamegoma kutoka. Kuelewa anaelewa kila kitu. Nikiweka chumvi nyingi kwenye mtori wa ndizi ananitazama kwa jicho lile unalolijua. Mkono wa kushoto una nguvu, na juzi alinifinya mpaka nikapiga kelele, nikafurahi.

Nakukumbusha tena: Evaline asijue. Unakumbuka mama yake alipopasuliwa uvimbe. Mtoto aliacha chuo kile cha kwanza mwezi mmoja kabla ya mtihani, nafasi akapewa mwingine, akakaa hapa miaka miwili akifundisha tuisheni Moshi mjini huku anajifanya hajali. Nilimwona siku moja amekaa jikoni na vitabu vyake vya fizikia, anavifuta vumbi tu, havisomi. Sitaki kuona kitu kile tena. Imebaki miezi minne na nusu. Akishakabidhi, nitamwambia mwenyewe, na kama ni kulaaniwa nitalaaniwa.

Daktari alisema apate jua la asubuhi. Unajua kihamba chetu kilivyo mteremko, na migomba imefunika kila mahali. Tambarare yenye jua ni moja tu, pale ndani ya ua wa miti ya masale niliyopanda kuizunguka mashine ya Evaline, kwa sababu tulifyeka ili ile sola yake ipate mwanga. Basi kila saa nne namsukuma hadi pale kwa kile kiti cha magurudumu tulichopewa na parokia, anaota jua hadi saa sita. Chuma hakiruhusiwi kuvuka masale, hata jembe naliacha nje nang'oa magugu kwa mkono, lakini kiti ni alumini, kinang'aa na ni chepesi, hakina neno.

Kaka yako,
Ambrosi

*

Kibosho
20 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Evaline,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 5 nimeipokea tarehe 18, muhuri umesomeka vizuri na bahasha haikukunjwa. Wazungu wale wanajua kazi. Mimi niliyegonga mihuri miaka thelathini na mmoja naweza kutoa sifa hiyo.

Sisi wazima kabisa. Ng'ombe anatoa maziwa, kahawa imechanua mapema. Mbuzi aliliwa, na kengele nimeitundika mbali na mashine yako, usiwe na wasiwasi. Wiki iliyopita nilimkuta Mektrida jirani yetu anataka kukatiza ndani ya masale na panga lake. Nilimwambia kwamba hata Askofu akija na panga, atazunguka. Amenuna, lakini amezunguka.

Mama yako anakusalimu sana. Hakuandika kwa sababu alijikata kidole akikata majani ya ng'ombe. Na ile siku ya Krismasi ulipopiga simu alikuwa na mafua, sauti imekauka. Ule mfano wako wa mfongo nimemsomea mara mbili. Mara ya pili alitabasamu, nami nikafurahi sana, sana.

Soma, mwanangu. Usihangaike na huku.

Baba yako,
Ambrosi

*

Tromsø
3 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Jua limerudi, linachungulia na kuondoka. Mama, pole na kidole.

Baba, leo nakuja kama polisi. Kuna mwizi ndani ya masale.

Nilikuwa naandaa takwimu za Desemba na Januari, ndipo nikalitazama vizuri jambo nililokuwa nadhani ni hitilafu ndogo ya mashine. Kwa kawaida mstari wa mashine yetu unapanda taratibu asubuhi jua linapoichangamsha hewa ya juu, unafika kilele mchana, unashuka taratibu. Lakini kuanzia tarehe 9 Desemba, kila siku saa nne asubuhi za kwenu, mstari unaruka ghafla, unakaa juu, na saa sita unaanguka tena ghafla. Hakuna kitu cha angani kinachofanya hivyo. Anga haina saa ya ukutani. Hicho ni chuma, Baba, na kiko karibu, hatua tatu au nne tu. Siku chache hakikuja, nikaangalia picha za mawingu, nikakuta zilikuwa siku za mvua. Jumapili nayo kinapumzika. Ni chuma cha Kikristo.

Nimecheka, lakini jambo lenyewe ni zito. Msimamizi wangu ameuona. Anasema kama hatujui ni nini, kituo chetu tukitoe kwenye tasnifu, kwa sababu hatuwezi kumwamini mlinzi asiyejua kilichomo ndani ya uzio wake. Nilikasirika. Nilimwambia hajui uzio wenyewe wala mlinzi wake. Kilimanjaro ikitoka, sura nzima ya nne inabaki na shimo.

Tafadhali tafuta hicho chuma ukiondoe. Na umsomee Mama barua hii, yeye ana macho kuliko wewe. Atakuwa ameshamjua mhalifu.

Mwanao,
Evaline

*

Kibosho
15 Februari 2025

Mpendwa Evaline,

Barua yako nimeipokea jana jioni. Nimemsomea mama yako yote kama ulivyoagiza.

Leo asubuhi nilichomoa sumaku kwenye spika ya ile redio mbovu, nikazunguka nayo ndani ya masale nikigusisha kila kitu. Mhalifu nimempata. Ni toroli la Mektrida. Alikuwa analipitisha pale kila asubuhi akienda kuchota samadi, analiegesha, anapiga soga, anasahau. Nimeliondoa na halitarudi tena. Mwambie msimamizi wako mlinzi anajua kilichomo ndani ya uzio wake.

Naomba radhi kwa kukuharibia kazi. Sikujua. Naapa mwanangu sikujua kwamba ni chuma.

Mama yako anakusalimu. Kidole kinaendelea kupona.

Baba yako,
Ambrosi

*

Tarakea
19 Februari 2025

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Salamu zimeisha hapo.

Jana ulinipigia unalia kama mtoto, leo nakujibu. Kwanza nirudie nilichosikia, unisahihishe kama nimekosea. Uligusisha sumaku kwenye kiti cha wifi, ikanasa kwenye ekseli na kwenye miguu. Ukaogopa kwamba unamharibia mtoto shahada. Ukamhamishia Theodora nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, kwenye kivuli na mbu. Na tangu siku hiyo hataki mtori, anageuza uso, na kila saa nne anaonyesha masale kwa mkono wa kushoto mpaka anachoka. Siku nne.

Mae! Kaka, ulimsomea barua ya mtoto, sivyo? Alisikia kwa masikio yake kwamba kila asubuhi akikaa pale, Evaline anaona huko aliko. Mtu hana ulimi, hana mkono wa kuandikia, miezi mitatu hajamsemesha mwanawe, halafu anagundua kwamba kumbe kila siku alikuwa anampelekea salamu na zinafika. Siku inayofuata wewe unamwondoa. Wewe karani wa posta! Mwenzio alikuwa anatuma barua, wewe umefunga dirisha.

Mimi sijasoma hayo mambo ya umeme wa mbinguni. Ila najua mficha maradhi, kilio humfichua. Mwambie mtoto. Usipomwambia hadi Jumapili ijayo, nitapanda gari nije nimwambie mbele yako.

Dada yako,
Bernadetha

*

Tromsø
24 Februari 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua hii naituma kwa simu ya shangazi Bernadetha, akuletee. Nimekupigia tangu juzi hupokei. Shangazi nilimuuliza habari za Mama, akanyamaza, kisha akasema, "Muulize baba yako." Shangazi hajawahi kunyamaza tangu nizaliwe.

Barua yako ya toroli imefika leo. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, nawe wala hujazoea kuitembea.

Toroli la Mektrida halijui mvua. Mektrida huchota samadi hata kukiwa na matope. Toroli halisubiri saa nne kamili. Tena nimerudi kwenye takwimu za kila sekunde, nikakuta kwamba chuma kile hakitulii kabisa. Kila baada ya dakika chache kinasogea kidogo sana, upande mmoja, kisha kinarudi. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyekaa akachoka. Kuna mtu alikuwa anaota jua ndani ya masale, amekalia chuma.

Na Mama haandiki tangu Desemba. Mafua ya wiki tisa. Kidole kisichopona.

Niliyaunganisha hayo juzi usiku wa Jumamosi, na sikulala. Lakini siyo hilo linaloniua. Linaloniua ni kwamba tangu tarehe 15 Februari mstari umelala. Siku tisa. Umenyooka, ni mzuri, ndio mstari ambao kila mtu wa kazi yetu anautaka. Msimamizi wangu alipita mezani kwangu akasema, "Safi sana, tatizo limekwisha," nikaenda kujifungia chooni.

Baba, niliomba wewe ukiondoe kile chuma. Sasa nakaa kila asubuhi saa mbili za huku, saa nne za kwenu, nautazama mstari na kusali uruke. Mama yuko wapi? Niambie tu. Kama ni lile ninaloliogopa, usiniandikie habari za ng'ombe kwanza.

Evaline

*

Kibosho
26 Februari 2025

Mwanangu Evaline,

Mama yako yu hai. Nimeanza na hilo kama ulivyotaka.

Alipigwa na kiharusi tarehe 24 Novemba, tukitoka misa. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na kuongea hawezi bado, ingawa juma lililopita alimwita ng'ombe kwa jina, ng'ombe akaitika kabla yangu. Chuma ulichokiona ni kiti chake cha magurudumu. Nilidhani ni alumini. Nilipogundua, nikamwondoa pale ili nisikuharibie, na kwa kufanya hivyo nikakufanya ufikiri mama yako amekufa. Siku tisa. Sina maneno, na unajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Nilikuficha kwa sababu ya ile miaka miwili ya tuisheni. Niliogopa utaacha tena. Nilikuwa naogopa peke yangu, nikadhani huo ndio ubaba. Ile barua ya toroli niliandika huku naona aibu na stempu nikailamba hivyo hivyo.

Ndani ya bahasha nimekutilia jani la sale, nimelifunga fundo kama inavyotakiwa. Shangazi yako, aliyefika leo na gari la kukodi na hasira zake zote, amelipiga picha atume pamoja na barua hii. Lakini picha haiombi msamaha, kwa hiyo jani lenyewe linakuja kwa posta. Ulifundishwa maana yake. Mchagga aliyepelekewa sale hakatai.

Sasa sikiliza. Barua yako niliisoma kwa sauti, mama yako amekaa pale kivulini. Nilipofika kwenye "kusali uruke" aliupiga mkono wa kiti kwa kiganja, pa, pa, pa, mpaka nikaacha kusoma. Akaonyesha masale. Nikasema, mama, tutaharibu kazi ya mtoto. Akapiga tena. Bernadetha akasema nikibisha mara ya tatu atanisukuma mimi mfongoni.

Kwa hiyo kesho, saa nne kamili, anarudi mahali pake. Ila hataki kuingia kimya kimya. Tumefanya mazoezi jioni hii. Yeye anasukuma gurudumu la kushoto kwa mkono wake, mimi nasukuma la kulia, tunaingia na kutoka, tunaingia na kutoka, ndipo tunakaa. Mara tatu, kama mtu anayebisha hodi. Peke yake anazunguka tu kama pia ya mtoto, na peke yangu hataki. Angalia mashine yako.

Nafasi ya chini nimemwachia. Nimemshikia karatasi tu, maneno ni yake na mkono ni wake wa kushoto.

Baba yako,
Ambrosi

MALIZA
NDIPO UJE
BABA YAKO MTORI WAKE CHUMVI

*

Tromsø
27 Februari 2025

Baba na Mama yangu,

Shikamooni.

Baba, nimekukasirikia na nimekusamehe, vyote viwili, na jani halijafika bado. Nilikuwa na haki ya kujua. Miezi mitatu nimefichwa, nikacheka na chuma cha Kikristo, kumbe ni Mama amekaa. Usinifanyie hivyo tena hata kama ni kwa wema. Nami nisamehe, nilikutuma umwondoe mama yangu juani.

Tiketi nilikuwa nimeshaitafuta. Nimesoma maneno yale makubwa ya Mama mara ngapi sijui, na nimemtii. Nitamaliza, ndipo nije. Lakini nina masharti. Kila barua iwe na mistari yake chini, hata ikiwa neno moja. Na mtori upunguzwe chumvi.

Msimamizi wangu nimemweleza. Nilimwambia, ule mruko wa saa nne ni mama yangu. Akavua miwani, akauliza anaendeleaje. Kisha akasema kwamba chanzo kikijulikana, kituo kinabaki. Kwa hiyo, Baba, kazi yako mpya ni kuniandikia kila siku saa na dakika anayoingia na anayotoka, na penye magurudumu upigilie vigingi vya mti, asibadilishe mahali. Mimi nitamtoa kwenye hesabu za sura ya nne, kisha ule mstari wake nitakaoutoa nitautunza kwenye faili lake peke yake. Nimeliandika jina lake juu, Theodora.

Leo nilifika ofisini mapema, nikaufungua mstari ukiwa unaandikwa. Kwenu ilikuwa saa nne kasoro tano. Umelala. Saa nne kamili, umelala. Nikaanza kujisemea kwamba Baba amechelewa, amesahau kiatu, Shangazi anagomba.

Saa nne na dakika mbili ukaruka, ukashuka. Ukaruka, ukashuka. Ukaruka, ukabaki juu.

Mama, ofisini tulikuwa watu wanne, na wenzangu hawajui Kiswahili. Nilisimama nikajibu kwa sauti hivyo hivyo, "Karibu, Mama, karibu ndani," na wote wakageuka. Sikujali.

Umekaa saa mbili na dakika tisa. Ulisogea mara kumi na nne, na sikuondoka mezani mpaka ulipotoka.

Mwanenu,
Evaline